Sindano Kabla ya Dawa: Fundisho la Ugonjwa wa Rosai-Dorfman

Mtoto wa miaka kumi na miwili analetwa zahanati akiwa na uvimbe pande zote mbili za shingo. Uvimbe hauumi. Kwa wiki kadhaa amekuwa akipata homa za vipindi, usiku hutokwa na jasho, na mama yake anasema nguo zimeanza kumpwaya. Anapewa vidonge vya kuua bakteria. Wiki mbili zinapita, uvimbe uko palepale, anapewa kozi ya pili. Mwishowe, kwa kuwa homa, jasho la usiku, kukonda na tezi za shingo ni dalili ambazo kila mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki amezisoma tangu chuoni, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita. Makohozi yake hayakuonyesha vimelea. Picha ya kifua haikuonyesha kasoro. Tezi zenyewe, ambazo kila mtu anaziona na kidole kinaweza kuzigusa, hakuna aliyezichoma sindano kutazama zina nini ndani.

Mtoto huyo ni wa mfano, lakini njia aliyopitishwa inajulikana na wahudumu wengi na wazazi wengi. Haikubuniwa kwa uzembe. Kifua kikuu ni ugonjwa mkubwa katika eneo hili, nacho hushambulia tezi za shingo mara kwa mara. Anayekikisia mara nyingi hupatia. Hata hivyo, kupatia mara nyingi si sawa na kujua, na anayelipa gharama ya tofauti hiyo ni mgonjwa ambaye kisio halikumfaa. Kwa hiyo tezi iliyovimba bila chanzo kinachofahamika, ikadumu zaidi ya wiki chache, inastahili kuchomwa sindano nyembamba na seli zake kusomwa kwa hadubini kabla mgonjwa hajaanzishiwa dawa za miezi sita. Ni pale tu hali ya mgonjwa inapokuwa mbaya kiasi kwamba kusubiri ni hatari ndipo dawa itangulie, na hata hapo sindano ifuate upesi. Ugonjwa adimu uitwao Rosai-Dorfman ni shahidi mzuri wa hoja hiyo, kwa sababu unafanana mno na kifua kikuu kwa nje na kutofautiana nacho kabisa ndani ya tone moja la majimaji ya tezi.

Ugonjwa wenye sura ya ugonjwa mwingine

Histiosaiti ni seli za ulinzi wa mwili. Baadhi humeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Nyingine huzionyesha seli wenzao sura ya adui aliyeingia. Hukaa katika ngozi, ini, mapafu na mifupa, na hasa katika tezi za limfu, ambako majimaji ya mwili huchujwa kabla ya kurudi katika damu. Kwa nadra seli hizi huongezeka kupita kiasi bila maambukizi yanayoweza kueleza ongezeko hilo. Magonjwa yatokanayo na hali hiyo huitwa kwa jumla histiositosisi, na Rosai-Dorfman ni mojawapo.

Katika ugonjwa huu, histiosaiti hujaa ndani ya mifereji ya tezi mpaka tezi ikavimba. Mara nyingi uvimbe hutokea pande zote mbili za shingo, hauna maumivu, na unaweza kukua hadi kubadilisha umbo la shingo na taya. Wagonjwa wengi ni watoto na vijana. Baadhi yao hupata homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Damu ikipimwa, kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu huwa imepanda. Mhudumu akiziweka dalili hizo pamoja, hana kosa akifikiria kifua kikuu. Ni vigumu kufikiria kingine. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao walikuwa sahihi, lakini mkulima mwenye busara hapandi mbegu zake zote kwa sababu ya wingu moja.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu ni adimu. Nchini Marekani hukadiriwa wagonjwa wapya wapatao 100 tu kwa mwaka. Lakini kuwa adimu si kuwa wa mbali. Mwaka 1965 mtaalamu Mfaransa, Destombes, alieleza wagonjwa wanne, watoto na vijana, waliokuwa na tezi zilizojaa seli za aina hii. Wagonjwa hao walitoka visiwa vya Antilles na Mali. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, Juan Rosai, aliyekulia Argentina, na Ronald Dorfman, mzaliwa wa Afrika Kusini, waliueleza kama ugonjwa unaojitegemea, nao ukabaki na majina yao. Mwaka 1990 ilichapishwa tathmini ya wagonjwa 423, ikabainika kuwa asilimia 43 kati yao walikuwa na ugonjwa nje ya tezi pia: katika ngozi, pua, macho, mifupa na kwingineko. Afrika, basi, imo katika habari za ugonjwa huu tangu ukurasa wa kwanza. Pale ambapo hauonekani katika kumbukumbu za hospitali, yafaa kuuliza kwanza kama wagonjwa hawapo au ni kwamba tezi hazikutazamwa.

Kinachoonekana chini ya hadubini

Sababu ya Rosai-Dorfman kufaa kwa kipimo cha sindano ni kwamba alama yake kuu huonekana kwenye seli mojamoja. Mwanapatholojia anapoweka slaidi chini ya hadubini hukuta histiosaiti kubwa, zenye mwili mpana uliopauka na kiini cha mviringo chenye kijikiini kinachoonekana wazi. Ndani ya seli hizo mna seli nyingine ndogo, hasa limfosaiti, zikiwa nzima. Hazijavunjwa wala kumeng'enywa, na mara nyingi zimezungukwa na uwazi mwembamba kama mtu aliyekaa katikati ya chumba. Hali hiyo huitwa emperipolesisi, neno lililotungwa mwaka 1956 kutokana na Kigiriki, lenye maana ya kuzungukazunguka ndani.

Kumeza ni jambo moja na kukaribisha ni jingine. Seli inayomeza humvunja iliyemmeza, ikabakiza vipande. Limfosaiti iliyo ndani ya histiosaiti ya Rosai-Dorfman imekaa kama mgeni aliyepokewa nyumbani, naye anaweza kutoka kama alivyoingia. Pembeni yake huonekana limfosaiti nyingi na seli za plazma. Msomaji wa slaidi aliyewahi kuiona picha hiyo mara moja huikumbuka. Ambaye hajawahi kuiona anaweza kuipita akidhani ni uchafu wa rangi au seli zilizopandana wakati wa kupaka.

Faida kubwa zaidi ni kwamba sindano ileile iliyotafuta jambo moja hujibu maswali mengi. Ikiwa ni kifua kikuu, huonekana vifundo vya seli ndefu zilizokusanyika, mara nyingi pamoja na maada iliyooza inayofanana na jibini, na sehemu ya majimaji hayo inaweza kupimwa vinasaba vya bakteria kwa mashine ambazo hospitali nyingi tayari hutumia kwa makohozi. Shirika la Afya Duniani limependekeza matumizi ya kipimo hicho kwa sampuli za tezi. Ikiwa ni histiositosisi ya seli za Langerhans, ndugu wa Rosai-Dorfman, viini vya seli huwa na mkunjo katikati kama punje ya kahawa. Ikiwa ni limfoma ya Hodgkin, huweza kuonekana seli kubwa yenye viini viwili vinavyotazama kama macho ya bundi. Ikiwa ni limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowahudumia Uganda, huonekana seli za ukubwa mmoja zenye vitundu vidogo vidogo. Magonjwa matano yanaweza kuleta uvimbe mmoja shingoni. Matibabu yao ni matano tofauti.

Sindano si ngeni katika nchi hizi

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko jina lake. Mgonjwa hukaa au hulala, ngozi husafishwa, mtoa huduma huishika tezi kwa vidole viwili na kuingiza sindano nyembamba, kwa kawaida ya namba 22 hadi 25, ambayo upana wake haufiki milimita moja. Huisogeza mbele na nyuma mara kadhaa ndani ya tezi, kisha huitoa. Kinachopatikana ni tone dogo, ambalo hupakwa kwenye slaidi. Baadhi ya slaidi huzamishwa mara moja katika alkoholi, nyingine huachwa zikauke kwa hewa, kwa sababu rangi mbili tofauti huonyesha mambo mawili tofauti. Hakuna kisu, hakuna mshono, hakuna dawa ya usingizi kwa mtu mzima wala kwa mtoto mkubwa anayeweza kutulia. Maumivu yake hayatofautiani sana na ya kutolewa damu. Pengine ngozi huvilia kidogo, na hilo hupita baada ya siku chache.

Wengine hudhani hii ni teknolojia ya nchi tajiri iliyochelewa kufika. Historia inasema vingine. Mwaka 1904, wakati ugonjwa wa malale ukiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, madaktari Greig na Gray waliokuwa Uganda walichoma sindano katika tezi za wagonjwa na kuviona vimelea vya malale katika majimaji yake. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini kabla ya hospitali moja ya New York kuchapisha, mwaka 1930, matokeo ya kuchunguza uvimbe kwa sindano. Tezi ya shingo ya mgonjwa wa Afrika Mashariki iliwahi kutoa jibu kwa sindano zaidi ya karne moja iliyopita. Hakuna sababu ya kitaalamu inayoifanya ikose kuchomwa leo.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la hesabu. Mtu anaweza kusema kwamba hospitali yenye foleni ya wagonjwa wa malaria, kisukari na shinikizo la damu haina nafasi ya kusaka ugonjwa unaompata mmoja kati ya watu laki nyingi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sindano ingekuwa ya Rosai-Dorfman peke yake. Si hivyo. Sindano huchomwa kwa sababu tezi imevimba, na ugonjwa adimu hujitokeza wenyewe miongoni mwa yale ya kawaida, kama samaki wa ajabu anavyonaswa katika wavu uliotupwa kutafuta dagaa. Anayeutupa wavu kila siku hahitaji bajeti ya samaki wa ajabu. Zaidi ya hapo, hesabu ya gharama haijakamilika mpaka iongezwe miezi sita ya dawa zisizohitajika, nauli za kwenda kliniki, vipimo vya ini, siku za shule zilizopotea, na hofu ya familia inapoona tezi haipungui na kuanza kuamini kwamba mtoto ana kifua kikuu sugu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sindano inaweza kukosea. Ni kweli. Inaweza kuchoma pembeni ya tezi na kutoa damu tupu. Inaweza kutoa seli chache mno. Emperipolesisi inaweza kuwa haba katika sehemu iliyochomwa. Baadhi ya limfoma haziwezi kutambuliwa bila kuuona mpangilio wa tezi nzima, jambo ambalo sindano nyembamba haina uwezo nalo. Kwa sababu hizo mwanapatholojia mwaminifu hasemi zaidi ya anachokiona. Picha ya seli ikiwa kamili, na dalili za mgonjwa zikikubaliana nayo, sindano inaweza kutosha kuupa ugonjwa jina na kumwepusha mgonjwa na upasuaji. Mabaki ya majimaji yakigandishwa na kukatwa kama kinyama, yanaweza kupakwa rangi za kinga: histiosaiti za Rosai-Dorfman hukubali S100 na CD68 na kukataa CD1a, ilhali zile za Langerhans hukubali CD1a. Pale picha isipokamilika, au jibu la sindano lisipolingana na mgonjwa aliye mbele ya daktari, hatua inayofuata ni kutoa tezi nzima na kuichunguza. Udhaifu huo wa sindano ni sababu ya kuisoma kwa uangalifu. Haukuwa kamwe sababu ya kuiruka na kwenda moja kwa moja kwenye kisio, ambacho udhaifu wake ni mkubwa zaidi na hakiachi hata slaidi ya kurudiwa.

Hapa pana jambo linalostahili kusemwa waziwazi kwa wahudumu. Jibu la maabara linalosema "hakuna seli za saratani" si jibu la mwisho. Ni taarifa kwamba jambo moja halikuonekana. Vivyo hivyo jibu lisemalo "tezi iliyochokozwa" linaweza kuwa kweli, na linaweza pia kuwa kifuniko cha histiosaiti zilizohesabiwa kuwa za kawaida. Mgonjwa ambaye tezi yake inaendelea kukua akiwa na jibu la namna hiyo mfukoni anahitaji kuchomwa upya au kukatwa tezi. Kumwambia arudi nyumbani kwa kuwa "kipimo kiko sawa" ni kuliamini karatasi kuliko shingo.

Pingamizi la tatu ni la watu: wanapatholojia ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Hili halikanushiki, wala halitatatuliwa na makala. Lakini slaidi iliyokauka na kupakwa vizuri husafiri vizuri kuliko mgonjwa. Inawekwa katika kisanduku, haihitaji barafu, na inaweza kusomwa mkoani au kupigwa picha na kutumwa kwa msomaji mwingine. Tabibu au daktari wa wilaya anaweza kufundishwa kuchoma na kupaka. Upungufu wa wasomaji unapaswa kubadilisha mahali slaidi inaposomwa. Haupaswi kuamua kama itachukuliwa au la.

Jina la ugonjwa hubadilisha nini

Huenda mtu akauliza: ikiwa ugonjwa ni adimu na dawa zake ni ngumu kupatikana, jina lake litamsaidia nini mgonjwa? Jibu linashangaza. Kwa wagonjwa wengi wa Rosai-Dorfman wenye uvimbe wa tezi au ngozi pekee, tiba bora ya kuanzia ni kutazamwa kwa karibu bila dawa yoyote. Mapendekezo ya wataalamu wa nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaeleza kuwa kati ya asilimia 20 na 50 ya wagonjwa wa aina hiyo hupungua au hupona wenyewe. Kwa mtoto kama huyo, faida ya kujua ni kuachiliwa: kutomeza dawa nne kwa miezi miwili na mbili kwa miezi minne zaidi, kutopewa tiba ya saratani kwa ugonjwa usio limfoma, kutokatwa mara kwa mara shingoni.

Si wote wanaoachiliwa. Uvimbe unaobana njia ya hewa, unaosukuma jicho, unaogusa uti wa mgongo au kuingia katika figo unahitaji kushughulikiwa kwa upasuaji, kwa dawa za steroidi au kwa dawa nyingine, na mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kufika hospitali ya rufaa mapema. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba katika sehemu ya wagonjwa seli hizi zina mabadiliko yanayozichochea kuongezeka, na dawa zinazolenga mabadiliko hayo zimeanza kutumika mahali zinapopatikana. Lakini hakuna kati ya hayo linaloweza kuanza kabla ya jina.

Steroidi zinataka tahadhari ya peke yake. Prednisoloni hupatikana kwa urahisi na hupunguza uvimbe wa namna nyingi kwa muda, ukiwemo wa limfoma. Mgonjwa aliyepewa vidonge hivyo kabla ya sindano anaweza kuonekana amepata nafuu huku alama za ugonjwa wake zikifutika ndani ya tezi, na kipimo kitakachofanywa baadaye kikashindwa kusoma kilichofutwa. Anayeandika prednisoloni kwa tezi isiyojulikana anaweza kuwa anazima taa kabla ya kutafuta kilichopotea.

Kinachoombwa

Kwa mhudumu wa zahanati na kituo cha afya, ombi ni dogo. Tezi ipimwe kwa rula siku ya kwanza na ukubwa wake uandikwe, ili kukua au kupungua kwake kusiachwe kwa kumbukumbu. Baada ya kozi moja ya dawa za bakteria isiyosaidia, rufaa ya kipimo cha sindano iandikwe kabla ya kozi ya pili. Fomu ya maabara isiandikwe "uvimbe wa shingo" na kuishia hapo. Msomaji wa slaidi anahitaji kujua umri wa mgonjwa, muda wa uvimbe, kama uko upande mmoja au pande mbili, kama una maumivu, hali ya VVU, na dawa ambazo mgonjwa amekwisha kunywa. Histiosaiti zilezile humwambia jambo moja zikitoka kwa kijana mwenye shingo iliyovimba pande zote mbili kwa miezi minne, na jambo lingine zikitoka kwa mzee mwenye kidonda mdomoni.

Kwa mtaalamu wa maabara na mwanapatholojia, ombi ni subira na uaminifu. Histiosaiti zilizojaa kwenye slaidi zitazamwe kwa lenzi kubwa kabla hazijaitwa za kawaida. Slaidi zihifadhiwe, maana jibu lililokosewa leo linaweza kusahihishwa kesho iwapo tu kioo bado kipo. Na pale anapokuwa na shaka, aiandike shaka yake. Neno "haijulikani bado, rudia au kata tezi" lina heshima kubwa kuliko neno la uhakika lisilo na msingi.

Kwa mgonjwa na mzazi, ombi ni kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu mbele ya daktari. Swali ni moja: "Je, tezi hii imechukuliwa kipimo?" Kama imechukuliwa, karatasi ya majibu na namba ya slaidi vitunzwe pamoja na kadi ya kliniki, kwa sababu hospitali inayofuata itavihitaji. Kama haijachukuliwa, aulize sababu. Mgonjwa ambaye tayari ameanza dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu ya makala haya wala kwa ushauri wa jirani. Kifua kikuu bado ndicho chanzo cha tezi nyingi, na dawa zake zikiachwa njiani huzaa ugonjwa mgumu zaidi. Aendelee kuzinywa, arudi kliniki, na aeleze kwamba uvimbe haupungui. Ni muhimu pia ajue kwamba mara nyingine tezi ya kifua kikuu huweza kuvimba zaidi katika wiki za mwanzo za tiba iliyo sahihi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na jibu la sindano mkononi tangu mwanzo, ili daktari asilazimike kukisia mara ya pili juu ya kisio la kwanza.

Wazazi wengi hubeba mzigo mwingine usioandikwa kwenye kadi. Mtoto mwenye shingo iliyovimba hutazamwa shuleni, majirani huogopa kuambukizwa, na maneno ya kijicho na kurogwa huanza kunong'onwa. Rosai-Dorfman hauambukizwi kwa kikohozi, kwa chakula wala kwa kulala chumba kimoja. Mama anayeweza kuwaambia ndugu zake jina la ugonjwa na kuwahakikishia hilo amepewa tiba ambayo duka la dawa haliuzi.

Mtoto wa mfano aliyeanza makala haya bado ameketi kwenye benchi la zahanati. Mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza inaanza na pakiti ya vidonge na kumalizika, baada ya miezi sita, kwa swali lilelile aliloingia nalo. Ya pili inaanza na sindano nyembamba, slaidi mbili, alkoholi kidogo na fomu iliyojazwa vizuri. Huenda jibu likawa kifua kikuu, naye atapewa dawa zilezile, safari hii kwa haki. Huenda likawa limfoma, na miezi iliyookolewa ikawa ndiyo maisha yake. Na mara moja katika miaka mingi, msomaji wa slaidi atasimamisha mkono kwenye hadubini, aone seli ndogo zikiwa nzima ndani ya seli kubwa, na aandike jina ambalo litamrudisha mtoto nyumbani bila dawa, akiwa na tarehe ya kurudi kupimwa shingo kwa rula.